UZI: Joh Bjelke-Petersen, mkulima wa karanga aliyeishika Queensland miaka 19

Mgogo wa Kongwa (mleta uzi)

Shikamooni wakubwa. Wadogo zangu, hamjambo.

Uzi huu nimeuahirisha muda mrefu. Nilitaka kwanza nisome, niwasikilize na wazee wa huku, ndipo niandike. Mimi ni mzaliwa wa Kongwa, Dodoma, na kwa sasa naishi Kingaroy, mji wa wakulima katika jimbo la Queensland, Australia. Kila alfajiri nikienda kazini napita chini ya maghala ya karanga yaliyosimama katikati ya mji kama minara. Udongo wa hapa ni mwekundu hasa. Mvua ikinyesha, unaondoka shambani na kilo nzima kwenye kila buti, na ukifua nguo maji yanatoka kama rangi ya tofali. Hata jina la mji limetoka kwenye lugha ya Wakka Wakka, wenyeji wa asili wa eneo hili, na maana yake ni chungu wekundu.

Kwa mtu wa Kongwa, karanga si kitafunwa tu. Babu yangu alikuwa kibarua kwenye ule mradi wa karanga wa Mwingereza ulioanza 1947. Waliokulia kwetu wanaijua habari yake: katapila zilizoharibika moja baada ya nyingine, mibuyu iliyogoma kung'oka, udongo ulioshika kama saruji mvua ilipokata, karanga zikabaki ardhini hazing'oleki. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, mamilioni ya pauni yameshateketea, na wazee wetu wakabaki na vyuma chakavu.

Sasa sikilizeni. Mwaka huohuo wa 1947, mkulima wa karanga wa hapa Kingaroy alichaguliwa kuingia bunge la jimbo lake. Aliitwa Johannes Bjelke-Petersen. Watu wote walimwita Joh. Alikaa bungeni miaka 40, na kati ya hiyo miaka 19 alikuwa mkuu wa serikali. Hakuna aliyewahi kukaa muda mrefu hivyo kwenye kiti kile Queensland.

Tuelewane kwanza kwenye maneno. Nikisema jimbo nina maana ya Queensland nzima, yenye serikali yake, bunge lake na polisi wake ndani ya shirikisho la Australia. Mkuu wa serikali hiyo nitamwita Waziri Kiongozi, Wazanzibari wataelewa haraka. Sehemu inayochagua mbunge mmoja nitaiita kiti.

Mgogo wa Kongwa

Tuanze na mtu mwenyewe.

Joh alizaliwa 13 Januari 1911 huko Dannevirke, New Zealand, kwa wazazi wenye asili ya Denmark. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kilutheri. Mwaka 1913 familia ikahamia Kingaroy na shamba lao wakaliita Bethany, ile Bethania ya kwenye Biblia. Mtoto akaugua polio, akapona, lakini mguu ulibaki na kilema na alichechemea maisha yake yote. Shule aliacha akiwa na miaka 14 ili afanye kazi ya shamba.

Kuna jambo moja ambalo kila mzee wa hapa atakuambia kabla hujamaliza kuuliza: Joh aliishi miaka 15 ndani ya banda la zamani la kukamulia ng'ombe. Fedha hazikuwepo, na aliyokuwa anapata alikuwa anarudisha kwenye mashine. Aliwavunia majirani karanga kwa malipo, akanunua matrekta, kisha akaingia kwenye kazi ya kusafisha mapori kwa mkataba. Anatajwa miongoni mwa waliovumisha ile mbinu ya kufunga mnyororo mzito wa nanga ya meli kati ya katapila mbili. Zinatembea sambamba, mnyororo unakokota chini, miti inalala kama nyasi zilizopitiwa na fyekeo. Baadaye akatumia ndege ndogo kumwaga mbegu na kupulizia dawa mashambani.

Niliposoma habari ya ule mnyororo nilisimama kwanza. Babu alikuwa anatusimulia mnyororo wa namna hiyohiyo Kongwa. Kwetu ulishindwa na mibuyu na ukame. Huku ulimpa mtu mmoja utajiri wa kwanza na jina.

Mwaka 1946 akaingia halmashauri ya Kingaroy, mwaka uliofuata bungeni kwa kiti cha Nanango, na kuanzia 1950 kiti cha Barambah. Chama chake kiliitwa Country Party, chama cha wakulima na watu wa shamba. Mwaka 1952 akamwoa Florence Gilmour, aliyekuwa katibu muhtasi kwenye idara ya barabara kuu mjini Brisbane. Bi Flo naye akawa mtu mkubwa: seneta wa Australia kuanzia 1981 hadi 1993, na maandazi yake ya boga yalijulikana nchi nzima. Hadi leo mapishi yale yanapikwa hapa kwenye harambee za kanisa.

Chama chake kilikaa upinzani hadi 1957. Mwaka 1963 Joh akapewa wizara ya ujenzi na nyumba. Tarehe 31 Julai 1968 Waziri Kiongozi Jack Pizzey akafariki ghafla akiwa na miezi michache tu ofisini. Joh alikuwa naibu wake kwenye chama. Tarehe 8 Agosti 1968 akaapishwa.

Nitaendelea. Niko zamu.

Mwalimu wa Mpwapwa

Ahsante sana mleta uzi. Babu yangu mzaa mama naye alikuwa Kongwa wakati wa karanga, alikuwa dereva. Swali langu dogo: mtu aliyeacha shule na miaka 14, mwenye chama cha wakulima peke yake, alipataje kura za jimbo lenye mji mkubwa kama Brisbane? Hapo ndipo pananisumbua.

Mtoto wa Kitale

Ndugu, salamu kutoka Kenya. Naungana na mwalimu. Hapa kwetu mkulima anaweza kuwa mbunge, lakini kutoka hapo hadi kuongoza serikali kuna mlima. Tueleze hizo hesabu.

Mgogo wa Kongwa

Mwalimu, ndugu wa Kitale, mmeuliza swali lenyewe hasa. Jibu ni ramani.

Queensland ilikuwa imegawanywa kwa kanda. Kanda za mbali, kwenye ng'ombe na miwa na migodi, kiti kimoja kilihitaji wapigakura wachache kuliko kiti cha Brisbane. Kwa hiyo kura ya mtu wa porini ilikuwa na uzito kuliko ya mtu wa mjini. Na tuseme ukweli: si Joh aliyeanzisha. Mfumo wa kanda ulianzishwa na wapinzani wake, chama cha wafanyakazi kiitwacho Labor, mwaka 1949, kwa sababu wakati ule Labor ilikuwa na nguvu kwa vibarua wa mashamba na migodi ya mbali. Walitengeneza panga, wakaliacha mezani, na mwenzao akaliokota. Joh alikuja kuichora upya mipaka kwa faida ya chama chake, na Waaustralia wakaupa mchezo huo jina lake: Bjelkemander.

Angalieni uchaguzi wa 1972. Bunge lilikuwa na viti 82. Labor ilipata karibu asilimia 47 ya kura, ikaambulia viti 33. Country Party ya Joh ilipata asilimia 20, ikachukua viti 26. Washirika wake wa mjini, Liberal, walipata asilimia 22 na viti 21. Ndani ya serikali ile ya ubia, chama chenye kura chache ndicho kilitoa Waziri Kiongozi, kwa kuwa ndicho chenye viti vingi.

Hapa nitende haki. Country Party haikuwa inasimamisha wagombea kila mahali, mjini ilikuwa haigusi, kwa hiyo ile asilimia 20 inaonekana ndogo kuliko nguvu yake halisi kijijini. Na 1974 Joh alishinda bila kuhitaji msaada wa ramani yoyote: yeye na Liberal walichukua viti 69, Labor ikabaki na 11, na kiongozi wao Perc Tucker akapoteza hata kiti chake. Watu wakaiita timu ya kriketi, maana kriketi huchezwa na wachezaji 11. Mwaka huohuo chama cha Joh kikabadili jina kuwa National Party na kuanza kuwinda kura za mjini.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: bunge la Queensland halina baraza la juu. Lilifutwa 1922. Ukishika wingi wa viti kwenye baraza moja lililobaki, hakuna mlango wa pili ambao muswada unabisha hodi. Kwa mtu wa aina ya Joh hiyo ilikuwa neema kubwa.

Mtoto wa Kitale

Sasa nimeelewa. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 89, imejaribu kuziba tundu hilo. Idadi ya watu kwenye eneo bunge inaruhusiwa kupishana na wastani kwa asilimia 40 mijini na sehemu zenye watu wachache, na asilimia 30 kwingineko. Maeneo bunge ni 290. Hata hivyo mjadala wa Turkana na Nairobi hauishi, na kila upande una hoja yake. Mtu wa Turkana anasema: mbunge wangu atanifikiaje kwa eneo kubwa hivi?

Mgogo wa Kongwa

Hoja ya Turkana ndiyo iliyotumiwa na Joh neno kwa neno, na siyo ya uongo. Queensland ina ukubwa wa karibu mara mbili ya Tanzania. Shamba la ng'ombe kaskazini linaweza kuwa kubwa kuliko wilaya ya kwetu, na ndani mna familia tatu. Joh aliwafikia kwa ndege ya serikali. Rubani wake alikuwa mwanamke, Beryl Young, na wawili wale walitua kwenye viwanja vya vumbi ambavyo mawaziri wa kabla yake walivisikia tu.

Nafanya kazi na mzee mmoja, ana miaka zaidi ya 80, bado anashika usukani wa mashine ya kugeuza karanga. (Karanga zikishang'olewa hugeuzwa mizizi juu, zikae juani siku kadhaa zikauke, ndipo ipite mashine ya kuchambua.) Tukiwa tumekaa kivulini na chai nilimuuliza kwa nini alimpigia kura Joh miaka yote ile. Alichukua karanga moja kwenye mstari, akaipasua kwa kidole gumba, akaitikisa sikioni kabla ya kuila, kusikia kama imekauka. Akanijibu kwamba Joh angeweza kufanya vilevile, na hakuna Waziri Kiongozi mwingine aliyewahi kujua kwa nini mkulima anaitikisa karanga sikioni.

Wakuu, jibu lile sijalisahau. Mtu akisema watu wa kijijini walidanganywa, mimi sikubali. Walikuwa wamepata mtu wao. Aliondoa kodi ya urithi 1977, kwa hiyo mtoto wa mkulima hakulazimika kuuza nusu ya shamba baba akifa. Makaa ya mawe ya Bowen yalifunguliwa, reli na bandari zikajengwa, mabwawa yakachimbwa. Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 1982 ilifanyika Brisbane, na Maonyesho ya Dunia ya 1988 yakaandaliwa chini yake. Ninachokiona mimi ni hiki: mtu akishakuwa wetu kabisa, tunaacha kumuuliza maswali, na yeye anazoea kutoulizwa. Mkutano wake na waandishi wa habari alikuwa anauita kulisha kuku. Swali gumu likija alijibu kwamba wasijisumbue na jambo hilo, akapita. Na mashabiki wake wakapenda zaidi.

Binti wa Bagamoyo

Kaka, uzi mtamu. Ila mimi nimewahi kusikia jina hili kwenye habari za makaburu. Ni yeye?

Mgogo wa Kongwa

Ndiye, dada. Na hapa ndipo mimi kama mtu wa Kongwa nasoma kwa uchungu.

Mwaka 1971 timu ya raga ya Afrika Kusini, Springboks, wachezaji weupe watupu, ilizuru Australia. Kila walipokwenda vijana waliandamana kupinga ubaguzi. Walipokaribia kufika Brisbane, Joh alitangaza hali ya hatari jimbo zima. Hali ya hatari kwa ajili ya mchezo wa raga! Usiku wa 22 Julai waandamanaji walikuwa mbele ya hoteli ya Tower Mill walipofikia wachezaji. Polisi wakawashukia, watu wakakimbilia bustani iliyoko bondeni chini gizani, wengine wakaumia. Mmoja wa wanafunzi waliopigwa usiku ule aliitwa Peter Beattie. Mlikumbuke jina hilo, nitalirudia.

Sasa vuteni picha. Mashamba ya karanga yaliyotelekezwa Kongwa hayakubaki tupu. Kuanzia 1964 serikali ya Mwalimu Nyerere iliwapa wapigania uhuru kambi pale: ANC ya Afrika Kusini, FRELIMO, SWAPO na wengine. Bibi yangu alikuwa anawauzia maziwa. Kwa hiyo enzi zilezile ambazo mkulima wa karanga wa Kingaroy anawalinda Springboks kwa rungu, kwenye ardhi ya karanga ya Kongwa walikuwa wanalala vijana waliokimbia nchi ileile ya Springboks. Makaburi ya baadhi yao yako kwetu hadi leo. Mimi nimekwenda mara nyingi kufyeka majani pale nikiwa mwanafunzi.

Joh alipata nini? Alipendwa zaidi. Kijijini na hata mjini, wengi walimwona mtu wa msimamo. Septemba 1977 akapiga marufuku maandamano ya siasa barabarani, akawaambia watu wasijisumbue kuomba kibali maana hawatakipata. Mamia walikamatwa.

Papa wa Uvira

Ndugu, miye niko Toowoomba, hukuhuku Queensland, tuko Wakongo wengi hapa. Naungana nawe kwa jambo moja: ukitaja Joh mbele ya wazee wa hapa, mmoja anatabasamu, wa pili anafunga uso. Hakuna wa katikati. Lakini sema pia habari ya wenyeji wa asili. Kule kwenu Kingaroy si mbali na Cherbourg. Watu wa Cherbourg walikuwa ndani ya kiti chake cha uchaguzi, ndiyo au hapana?

Mgogo wa Kongwa

Ndiyo, papa. Cherbourg ni makazi ambako wenyeji wa asili walikusanywa kwa nguvu kutoka sehemu nyingi za Queensland tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, na ilikuwa ndani ya kiti cha Barambah. Queensland ndilo jimbo la mwisho Australia kuwaruhusu wenyeji wa asili kupiga kura ya jimbo, mwaka 1965. Maana yake miaka 18 ya kwanza ya ubunge wa Joh, watu wa pale walikuwa na mbunge lakini wengi wao hawakuwa na kura. Mishahara yao ilishikwa na serikali kwa miongo mingi, na wazee wa Cherbourg waliidai kwa miaka mingi.

Acha nieleze kisa kimoja kwa kirefu, maana kinamwonyesha Joh kuliko takwimu zote.

John Koowarta alikuwa mtu wa Wik, Rasi ya York, kaskazini kabisa. Katikati ya miaka ya 1970 yeye na wenzake walitaka kurudi kwenye ardhi ya mababu zao kando ya Mto Archer. Hawakuomba bure. Ardhi ile ilikuwa na mpangaji mwenye hati ya kufugia ng'ombe, naye alikuwa tayari kuuza, na mfuko wa ardhi wa serikali ya shirikisho ulikuwa tayari kulipa. Muuzaji yupo, mnunuzi yupo, fedha ipo. Kilichobaki ni idhini ya serikali ya Queensland. Baraza la Joh likakataa, kwa sera iliyoandikwa wazi kwamba halitaki wenyeji wa asili wamiliki maeneo makubwa.

Koowarta akamshitaki Joh. Kesi ikafika Mahakama Kuu ya Australia, na 1982 majaji wanne dhidi ya watatu wakampa Koowarta ushindi: sheria ya shirikisho ya kupinga ubaguzi ina nguvu juu ya Queensland. Ni moja ya kesi kubwa kabisa katika katiba ya nchi hii. Lakini ardhi hakuipata. Serikali ya Joh ilikuwa imeshaitangaza kuwa hifadhi ya taifa, na hifadhi haiuzwi. Mtu yuleyule aliyejenga jina kwa kulaza mapori kwa mnyororo, siku hiyo akawa mlinzi wa miti.

Koowarta alifariki 1991. Ni 2010 ndipo serikali ya Queensland ilipotangaza kuwarudishia watu wake sehemu ya eneo lile.

Ili nisimwonee, niseme pia kwamba Joh kupitia kanisa lake alikuwa karibu na misheni ya Kilutheri ya Hope Vale, na wapo waliomheshimu kule. Aliamini kwa dhati kwamba wenyeji wafanane na wazungu, wapewe nyumba, waende kanisani. Kwamba wangetaka ardhi yao kwa masharti yao wenyewe, hilo hakulikubali kamwe.

Mwalimu wa Mpwapwa

Inatosha kumwelewa. Aliangukaje?

Mgogo wa Kongwa

Aliangushwa na polisi wake, mwalimu, na tamaa ya kwenda Canberra, makao makuu ya serikali ya taifa.

Kwanza Canberra. Alishaigusa siasa ya taifa mapema. Mwaka 1975 seneta mmoja wa Labor wa Queensland alifariki. Desturi ilikuwa chama chake kipendekeze mrithi. Joh akakataa jina lililoletwa, akateua Albert Field, fundi samani mwanachama wa Labor ambaye alikuwa amemkataa Waziri Mkuu Gough Whitlam. Hesabu ya Seneti ikapinda, na Novemba mwaka huo Whitlam akaondolewa na Gavana Mkuu, mwakilishi wa Malkia. Katiba ya Australia ikabidi irekebishwe 1977 ili mchezo ule usirudiwe.

Mwaka 1986 alishinda uchaguzi wa jimbo kwa chama chake peke yake, viti 49 kati ya 89, kwa kura ambazo hazikufika asilimia 40. Alikuwa na miaka 75. Walio karibu naye wakamwambia anaweza kuwa Waziri Mkuu wa Australia. 1987 akaanza kampeni, akauvunja umoja wa vyama vya mrengo wake, Bob Hawke wa Labor akapita kwa raha, na Joh hata hakugombea.

Wakati yeye anahangaika na safari hiyo, nyumbani moto ulikuwa umewaka. Brisbane ilikuwa na madanguro na kamari zilizokatazwa kisheria, na kila mtu alijua zilipo isipokuwa, ilivyosemekana rasmi, polisi. Mwandishi Phil Dickie alizichimbua kwenye gazeti la Courier-Mail, kisha tarehe 11 Mei 1987 Chris Masters akaziweka kwenye televisheni ya taifa. Joh hakuwepo jimboni. Naibu wake, Bill Gunn, akaagiza uchunguzi mara moja, na ukakabidhiwa kwa Tony Fitzgerald. Wengi walidhani utachukua wiki chache. Ulichukua miaka miwili na kusikiliza mashahidi zaidi ya 300. Ikabainika maofisa wa polisi walikuwa na mtandao wa rushwa ambao wenyewe waliuita Mzaha. Kamishna wa polisi Terry Lewis, aliyepandishwa cheo kwa mkono wa Joh 1976 baada ya kamishna mwadilifu Ray Whitrod kujiuzulu, alihukumiwa kifungo cha miaka 14. Mawaziri wa zamani kadhaa nao walikwenda jela.

Novemba 1987 Joh alijaribu kuwafukuza mawaziri waliokuwa wanamkalia vibaya. Wabunge wa chama chake wakamgeuka, wakamchagua Mike Ahern. Yeye akagoma kutoka. Siku kadhaa Queensland ilikuwa na kiongozi wa chama asiye na serikali, na kiongozi wa serikali asiye na chama. Tarehe 1 Desemba 1987 akajiuzulu.

Mbele ya uchunguzi wa Fitzgerald aliulizwa na wakili aeleze ule msingi wa kutenganisha mamlaka ya serikali, bunge na mahakama. Hakuweza. Miaka 19 kwenye kiti. Mimi sikucheka niliposoma. Nilijiuliza wangapi kwetu wangejibu.

Mwaka 1991 alishitakiwa kwa kusema uongo chini ya kiapo. Jopo la raia lilishindwa kukubaliana, na baadaye ikajulikana kiongozi wa jopo lile alikuwa mwanachama wa umoja wa vijana wa National Party. Kwa umri wake hakushitakiwa tena.

Binti wa Bagamoyo

Na yule Beattie uliyesema tumkumbuke?

Mgogo wa Kongwa

Ahsante dada, nilikuwa nakuja huko.

Joh alifariki 23 Aprili 2005 hapa Kingaroy, akiwa na miaka 94. Waziri Kiongozi wa Queensland siku hiyo alikuwa Peter Beattie wa Labor, kijana yuleyule aliyepigwa na polisi usiku wa Springboks. Beattie alimpa mazishi ya kitaifa, akaja mwenyewe Kingaroy, akasimama akasema maneno ya heshima mbele ya Bi Flo na watoto. Siku hiyohiyo Brisbane watu walikusanyika kuandamana, kwa kuwa sasa waliruhusiwa. Joh alizikwa shambani kwake Bethany. Bi Flo alimfuata Desemba 2017.

Mzee ninayefanya naye kazi alikuwepo kwenye mazishi. Anasema watu wa Cherbourg nao walikuwepo, wengine kwa ajili ya Bi Flo.

Mtoto wa Kitale

La mwisho, ndugu yangu, nisikuchoshe. Ramani ile ya kanda ilikwisha? Na mtu wa mbali, yule wa familia tatu kwenye shamba kubwa kama wilaya, waliishia kumfanyia nini?

Mgogo wa Kongwa

Ilikwisha. Ripoti ya Fitzgerald ya 1989 ilizaa tume ya kupitia uchaguzi na utawala, Labor ya Wayne Goss ikashinda Desemba mwaka huo, na uchaguzi wa 1992 ukafanyika kwa mipaka mipya ya kura zenye uzito mmoja.

Ila mtu wa mbali hakuachwa. Kiti chenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 100,000 huongezewa kwenye hesabu wapigakura wa karatasi, idadi yao ni asilimia 2 ya kilomita zake za mraba. Eneo la kilomita 200,000 linahesabiwa lina wapigakura 4,000 zaidi ya waliopo, basi linaweza kuwa na kiti chake bila kuunganishwa na jingine. Ni viti vichache tu, vya kaskazini na magharibi. Kanuni imeandikwa kwenye sheria, tume huru ndiyo inayochora, na mtu yeyote mwenye kikokotoo anaweza kuihakiki. Ndugu wa Kitale, ukiwa na nafasi ifanyie hesabu Turkana kwa kanuni hii utuwekee hapa matokeo, nataka sana kuyaona.